Pua ya Marehemu

Wiki iliyopita niliishia pale nilipopigilia msumari ukutani nikamtundika mwanamume mwingine mahali pa mume wangu. Nasikia baadhi yenu mmenisema sana. Mmoja kamwandikia mhariri kwamba wajane wa siku hizi hawana haya. Simlaumu, ila angesubiri kidogo, maana penye aibu yenyewe nilikuwa bado sijafika.

Kwa waliochelewa: mume wangu alikuwa mpiga picha. Miaka arobaini na mitatu tumeishi nyuma ya studio yake, chumba cha mbele chenye pazia la maporomoko ya maji, kigoda kimoja na taa mbili. Mji mzima umekaa kwenye kigoda kile. Alikuwa na maneno yale yale kwa kila mtu, awe hakimu au mtoto anayeota meno: "Inua kidevu kidogo. Hapo hapo. Usipumue." Ndiyo maana watu wakamwita Mzee Kidevu, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti.

Alipofariki, asubuhi moja akiwa amekaa kwenye kigoda chake akisubiri mteja, tukagundua kwamba aliyewapiga picha wote hakuwa na picha yake hata moja. Kinyozi hajinyoi. Siku ya harusi yetu alipiga picha mwenyewe, kwa hiyo nimesimama peke yangu na maua kama niliyeolewa na kamera. Simu za watoto nazo hazikusaidia. Kila aliyeinua simu ampige, Mzee alimpokonya na kumwambia anapiga jua, hapigi mtu. Tunazo picha mia nane za familia inayomchekea mtu asiyeonekana. Kitambulisho chake kilifuliwa mara mbili ndani ya suruali, na mfuaji ni mimi. Usoni limebaki sikio.

Binti yangu mkubwa, mwalimu, alipekua makabati ya studio siku nne. Siku ya nne akaja jikoni, akakaa chini sakafuni na miaka yake arobaini na mmoja, akaniambia ameanza kuisahau sura ya baba yake. Hapo ndipo niliposhindwa. Nikaenda chumbani, nikafungua sanduku langu, nikatoa picha ya kijana asiye na ndevu, kofia imelala upande.

"Huyu hapa," nikasema. "Ujanani."

Sasa niwaambie kijana yule ni nani, maana wiki iliyopita nilijifanya nimesahau.

Alikuwa karani wa posta, na alitaka kunioa. Alipopata uhamisho wa ghafla akaenda studio, akapigwa picha, akamwomba mpiga picha ailete kwetu niione, nimfikirie. Mpiga picha akaja. Siku ya kwanza alileta picha. Siku ya pili alikuja kuuliza kama picha imetoka vizuri. Siku ya tatu hakuwa na sababu yoyote, akakaa tu, akanywa maji glasi tatu, akaniambia niinue kidevu. Aliyetumwa kuposa akajiposea mwenyewe, na Karani akabaki na stempu zake.

Picha nikabaki nayo mimi. Msinifikirie vibaya. Sikuitunza kwa ajili ya aliyepigwa, niliitunza kwa ajili ya aliyepiga. Ndicho kitu cha kwanza mume wangu alichonipa kwa mkono wake, na nyuma yake kuna muhuri wa studio na alama ya dole gumba lake lenye dawa za kusafishia picha.

Watoto hawakushtuka. Mtu na ujana wake ni watu wawili, na baba yao walimjua na ndevu tangu walipofumbua macho. Binti akaipeleka ikakuzwe, ikarudi kubwa kama dirisha. Mjukuu wangu wa miaka saba akaibusu kwenye kioo na kuacha alama ya jamu. Nikajisemea, basi, imepita.

Tatizo lilianza na pua.

Kijana wa ukutani ana pua ndefu yenye kinundu katikati. Kitindamimba wangu, fundi umeme, naye ana pua ndefu yenye kinundu katikati. Urefu aliutoa kwa baba yangu mzazi. Kinundu alikipata akiwa na miaka tisa, aliposhuka mlima na baiskeli isiyo na breki akapokelewa na lango la shule. Mimi ndiye niliyemwokota, Mzee ndiye aliyembandika plasta, na yeye mwenyewe amesahau, kwa sababu ukianza kumkumbusha ajali zake za baiskeli mtakesha.

Kitu ambacho hakukisahau ni utani wa utotoni. Dada yake alifanana na baba kama waliomwagwa kutoka kikombe kimoja. Yeye watoto wenzake walimwambia kaokotwa. Alikuwa anacheka nao mchana, halafu jioni anakwenda kusimama kwenye kioo cha studio akijitafuta.

Siku picha ilipotundikwa alisimama mbele yake mpaka chai yake ikapoa. Kisha akanigeukia.

"Mama, sasa nimejua nimetoka wapi."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Badala yake nilimwongezea chai kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagika mpaka mezani.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kazi anapitia kwangu. Anaweka chini mfuko wa koleo na nyaya, anaiamkia picha, anajigusa pua, anaondoka. Mwanangu wa miaka thelathini na mmoja, baba wa mtoto mmoja, anatoka mlangoni kichwa juu kama aliyepandishwa cheo. Hebu niambieni, mama gani angeng'oa msumari ule?

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu binti yangu aliikata ikawa fupi zaidi. Alitoa tangazo gazetini la siku ya kumkumbuka baba yao, saa, mahali, na picha ile juu yake, safi, pua na kila kitu. Mimi nililiona likiwa tayari limefungiwa mkate.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Tukatoa viti vya studio tukavipanga sebuleni, viti ishirini na kimoja kibovu. Wa kwanza kufika akawa ndiye niliyekuwa nikimwogopa, wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, ambaye mguu ulimzuia kuja kwenye mazishi. Huyu alimbeba mgongoni mume wangu. Huyu hadanganywi na kofia.

Aliingia na mkongojo wake, akavaa miwani, akaiangalia picha. Nilishika mgongo wa kiti. Akaangalia tena kwa karibu. Kisha akaangua kilio, akamwita mdogo wake, akamuuliza kwa nini amemtangulia, mpaka watu wazima wakaanza kutafuta leso. Nikamshukuru Mungu kwa macho mabovu ya wifi yangu, na nikamwomba msamaha kwa kumshukuru.

Baada ya dakika tano alinifuata jikoni, akafunga mlango kwa mkongojo.

"Haya, wifi yangu. Yule mwanamume niliyemlilia ni nani?"

Nikamweleza yote, posta, sanduku, pua, baiskeli. Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Akaniuliza ni wanawake wangapi duniani wameweza kumtundika mchumba wa zamani sebuleni na wakapewa pole. Nikamwambia kama amekuja kunicheka, achukue na trei ya vikombe akiwa anacheka. Akachukua. Mlangoni akasimama, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mimi nitanyamaza, machozi nimeshamwaga na sina mengine. Lakini nikifa mimi, na ukafa wewe, nani atabaki anajua mdogo wangu alikuwa na sura gani?"

Swali hilo lilinikaa kifuani mchana kutwa. Nilikuwa nimempa mwanangu pua, na kwa kumpa pua nikamfuta baba yake.

Watu wakajaa. Wakaanza kusimulia, na nyumba ikachangamka, maana Mzee Kidevu hakuwa mtu wa kukumbukwa kwa huzuni. Binti alisimulia adhabu ya nyumba yetu: ukikosa, unakalishwa kwenye kigoda, kidevu juu, hakuna kucheka, na baba yako yuko nyuma ya kamera anatikisa masikio. Hakuna mkosaji aliyewahi kumaliza dakika mbili. Mjukuu akasema babu alimwambia picha za kwenye chumba cha giza zinalala, na taa nyekundu ni ya kuzilinda zisiote ndoto mbaya, kwa hiyo ukiingia unatembea kwa ncha za vidole. Akatuonyesha, akazunguka sebule nzima kwa ncha za vidole, na watu wazima wakajikuta wamenyamaza kwa adabu.

Nilipoulizwa mimi, nikasema ukweli mmoja angalau. Kila mwaka, tarehe ya ndoa yetu, alinikalisha kwenye kigoda akanipiga picha moja. Ninazo arobaini na tatu, zimepangwa chumbani, nazeeka humo pole pole. Yeye hayumo hata moja, lakini katika zote namwangalia yeye. Nikasema nampenda hata sasa, na kwamba asubuhi bado natoa vikombe viwili. Kisha nikakaa, kwa sababu sauti ilikuwa inaelekea kubaya.

Akasimama kitindamimba. Hakuwa ameandika kitu. Alisema alipokuwa mdogo alidhani baba anampenda kwa huruma tu, kama mtu anavyompenda mtoto wa jirani. Sasa kila akijiangalia kwenye kioo cha pikipiki anamwona baba. Watu wakaangalia picha, wakamwangalia yeye, wakaitikia kwa vichwa. Jirani mmoja akasema damu haifichiki. Wifi akapaliwa na chai.

Ndipo ikasikika hodi.

Aliingia mzee mrefu, suti ya kijivu, kofia imelala upande. Gazeti limekunjwa chini ya kwapa. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akaamkiwa, akaitikia, akatafuta pa kukaa. Kiti kilichobaki ni kimoja tu, kile kibovu, na kilikuwa chini ya picha. Akakikalia. Kisha, kwa adabu zake zote, akavua kofia.

Miaka arobaini na mitatu imechukua nywele zake na meno mawili matatu. Pua imeiacha kama ilivyokuwa.

Sebule nzima ilikuwa inamtazama kitindamimba, aliyekuwa bado amesimama, kwa hiyo nilikuwa na muda wa pumzi tatu. Wifi aliniona nilivyobadilika. Akaanza kuimba. Hajui kuimba, lakini kwa kuwa ni mkubwa kuliko wote, watu wakalazimika kumfuata. Nikamshika mgeni mkono nikampeleka studio, nyuma ya pazia la maporomoko.

"Pole na msiba," akaniambia Karani. Kisha akafungua gazeti. "Na mimi unipe pole yangu. Jumatano nilikuwa nakunywa chai, mke wangu ananisomea matangazo. Nikasikia nimekufa. Nimeacha mjane, watoto wawili na wajukuu."

Nikamwomba msamaha. Nikasema nitaeleza, nitatoa tangazo la kusahihisha, nitafanya lolote.

"Picha hii hii ipo sebuleni kwangu," akaendelea. "Mke wangu anaipangusa vumbi kila Ijumaa. Haiwezekani kumwambia ni mtu mwingine. Amenileta mwenyewe. Yuko nje kwenye gari la mwanangu, amenipa dakika kumi, zikiisha anaingia."

"Zimebaki ngapi?"

"Nne. Nilizunguka nyumba mara mbili kutafuta ujasiri." Akashusha sauti. "Na yule kijana aliyekuwa anasema. Ile pua."

"Aliipata kwenye baiskeli," nikasema.

Alinitazama, nikamtazama. Akacheka kwanza yeye, cheko la mzee, bila sauti, mabega tu. Akasema yeye anaamini, lakini mke wake hilo la baiskeli hatalinunua hata kwa bei ya jioni.

Kisha akatia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha ya studio yetu, ile ya zamani ya karatasi ya kahawia.

Akanieleza. Siku ile ya kupigwa picha alikuwa amekakamaa kwenye kigoda kama anasubiri sindano. Mpiga picha akachoka kumrekebisha. Akamsimamisha nyuma ya kamera, akakaa yeye kigodani amwonyeshe. Karani hakujua pa kuweka mkono, akauweka penye kitufe. Kamera ikalia. Mpiga picha akamfokea kwamba filamu haiokotwi barabarani. Lakini aliposafisha picha akaitia na ile kwenye bahasha ya mteja, labda kwa kusahau, labda kwa kuwa hakujua la kufanya na sura yake mwenyewe.

"Mliponiacha kwenye mataa niliitunza ili nimlaani vizuri, nikimwona. Baadaye nikaoa, nikafurahi, laana ikaisha. Picha ikabaki. Niliposomewa tangazo nikajua haina budi kurudi nyumbani."

Nikaitoa. Msinione mjinga, niliigeuza upande usio wake mara mbili.

Alikuwa yeye. Miaka ishirini na sita, bila ndevu, amekaa kwenye kigoda kile kile nilichokuwa nimeegemea. Pua yake pana, fupi, aliyokuwa akisema imeumbwa kwa kazi ya kubeba miwani. Pua ya binti yetu. Kidole kimoja amekiweka chini ya kidevu chake mwenyewe, anakiinua, na mdomo uko wazi katikati ya neno. Neno lenyewe nilikuwa nalijua. Nililisikia chumba kizima.

Nililia pale, nyuma ya pazia, kilio ambacho sikuwa nimekilia siku ya mazishi. Nilikuwa nimemkosa sana mume wangu. Nilikuwa nimemkosa hata kwenye ukuta wake mwenyewe, na aliyemfukuza ni mimi.

Karani alinipa leso, akaangalia saa. Akaniambia jambo la haki kabisa: picha ni yangu, uamuzi ni wangu. Nikitaka, ataondoka kupitia mlango wa studio na atajieleza kwa mkewe awezavyo, na abaki ukutani kwangu hadi siku yake. Ila dakika iliyobaki ni moja.

Nikamfikiria kitindamimba na kioo cha pikipiki. Nikamfikiria wifi na swali lake. Na yule kijana wa kigodani naye alikuwa ananitazama, kidole chini ya kidevu, ananingoja. Nikainua changu.

Tulirudi sebuleni wote wawili. Wimbo wa wifi ukafa katikati, hakuna aliyeusikitikia. Nikapanda kwenye kiti kibovu, binti akakimbilia kunishika, nikamshusha kijana wa kofia kutoka msumarini nikamwegemeza ukutani. Mahali pake nikashika ile picha ndogo, juu, ionekane na wote.

"Huyu ndiye baba yenu," nikasema. "Yule mliyekuwa mkimwamkia si yeye. Niliwadanganya, kwa kuwa binti yangu alikuwa analia na mimi sikuwa na kingine cha kumpa. Yule ni huyu mzee hapa. Yu hai. Zamani alitaka kunioa."

Binti aliichukua ile picha ndogo mkononi mwangu. Akaitazama, akajishika mdomo, akasema, "Baba," kwa sauti ya mtoto wa miaka mitano. Mjukuu akauliza kwa nini babu anakinyooshea kidevu kidole. Kwa muda huo mfupi nilidhani nimefanya jambo jema.

Lakini macho ya watu yalikuwa na safari yao. Yalitoka kwa kijana wa kofia pale chini, yakaenda kwa mzee wa suti ya kijivu, yakapumzika kidogo, kisha yote, viti ishirini na kimoja kibovu, yakageuka upande wa mwenye mfuko wa koleo na nyaya. Yule jirani wa damu haifichiki akakitazama kikombe chake.

Mlango wa gari ukasikika ukifungwa barabarani.

Nilifungua mdomo niseme baiskeli. Niseme mlima, breki, lango la shule, plasta. 

Kitindamimba wangu aliniwahi. Aliinua mkono pole pole, akajishika pua.